Mwanangu kila kitu anafanyiwa, sasa skuli amebaki peke yake

BARUA

Walimu wa safu hii, Assalamu alaykum.

Mie ni mama wa watoto watatu, nakaa wilaya ya Micheweni, Pemba, na kazi yangu ni kilimo cha mwani. Ninayemwandikia ni mdogo wao, mtoto wa kiume, ana miaka mitano kasoro miezi miwili. Ameanza skuli ya maandalizi muhula huu.

Tangu azaliwe amelelewa zaidi na bibi yake, mzaa baba, kwa sababu maji ya bamvua, yale yanayojaa na kukupwa sana, yakija mie natoka asubuhi na kurudi adhuhuri imeshapita. Bibi yake anampenda mno. Anamvisha, anamlisha matonge mpaka leo, anampeleka chooni na kumtawaza, na wakitoka humbeba mgongoni. Nyumbani hatukuona tatizo.

Sasa mwalimu kaniita. Anasema mtoto akivua viatu hukaa hapo hapo kungoja mtu aje amvishe. Uji hanywi, na andazi analokwenda nalo linarudi zima ndani ya mkoba. Wiki iliyopita amekojoa nguo zake siku mbili, na nyumbani hakojoi ovyo tangu alipotimiza miaka mitatu. Wakati wa kucheza husimama ukutani akiwatazama wenziwe. Siku moja alikwenda akanyang'anya kopo la mchanga, mwenziwe alipolishikilia, akamuuma mkono.

Baba yake anasema tumemdekeza, dawa yake bakora. Mkwe wangu anasema mtoto bado mdogo, skuli ingengoja mwakani. Mie naogopa kumwambia mkwe aache anayoyafanya, ataona namsimanga, na bila ya yeye siwezi kwenda mwanini. Nifanye nini, na nianze wapi?

Mama, Micheweni

JIBU

Waalaykumu salaam dada yetu.

Umeuliza uanze wapi, na hapo ndipo wazee wengi wanapokosea. Mtoto akionekana mpweke husukumwa: nenda kacheze na wenzako. Wewe anza na choo. Kisha chakula, kisha nguo. Michezo ifuate.

Sababu ni hii. Mtoto aliyebana mkojo tangu saa mbili asubuhi hawezi kucheza. Akikimbia utamtoka, akicheka utamtoka, kwa hiyo husimama ukutani. Chooni haendi kwa sababu hajui bukta inafunguliwaje wala nani atamtawaza. Uji hanywi kwa sababu hakuna wa kumlisha, na huenda ameshagundua kuwa asipokunywa kitu hatabanwa sana. Nyumbani hakojoi ovyo kwa sababu nyumbani yupo wa kumfungulia. Mambo uliyoyaandika yanaonekana mengi, lakini mengi yake yametoka sehemu moja: mikono yake haijapewa kazi.

Bakora iwekeni mbali kabisa, na mwambie baba yake sababu yake. Mtoto anayepigwa kwa kukojoa hujifunza kubana na kuficha nguo. Anayebana mkojo mara nyingi hubana na choo kikubwa, choo kikikaa siku nyingi kinakuwa kigumu, kinakikandamiza kibofu, na mkojo unatoka zaidi kuliko mwanzo. Mtapata nguo nyingi zaidi za kufua na mtoto asiyesema ukweli.

Kabla ya mafunzo yoyote, hakikisheni si maradhi. Mtoto aliyekaa mkavu muda mrefu kisha akaanza kulowa, aangaliwe: analalamika maumivu akikojoa? Anakwenda kila mara na kutoa kidogo kidogo? Ana homa? Hajapata choo siku tatu? Ana kiu isiyo ya kawaida? Ukiona hata moja, mpelekeni kituo cha afya kwanza.

Ikiwa ni mzima, anzeni na bukta yenyewe. Kifungo na zipu ni kazi ngumu kwa vidole visivyozoea, na aliyebanwa hana muda wa kuhangaika. Mpelekee fundi cherahani atie mpira kiunoni, ulegee kiasi cha kuingia vidole vinne vya mtoto. Kama skuli inataka sare ionekane na kifungo, fundi anaweza kukishona juu kama pambo tu.

Kisha mfundisheni kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Bibi amvishe bukta mpaka magotini, yeye aivute juu. Akiweza siku mbili tatu bila ya kukumbushwa, bibi aishie kwenye vifundo vya miguu. Halafu aishie kumshikia tu bukta wazi. Mwisho mtoto akae kitako, atie miguu mwenyewe. Ukimwanzisha mwanzoni anakwama katikati, mkubwa anamalizia, na anachojifunza ni kwamba mkubwa ndiye anayemalizia. Ukianza mwisho, kila mara yeye ndiye aliyemaliza. Njia hiyo hiyo itumike kwenye shati, viatu, hata kukunja mkeka.

Kujitawaza kunahitaji subira zaidi. Kopo liwe la nusu lita. Lita moja ya maji ni kilo nzima, mkono wa mtoto unatetemeka na maji yanakwenda kwenye nguo. Avue bukta kabisa na aitundike kwenye msumari uliopigwa usawa wa kifua chake, kwa sababu bukta iliyoteremshwa magotini ndiyo inayolowa na inayomfanya aanguke. Achuchumae, miguu iachane kwa upana wa mabega, visigino viguse chini. Mkono wa kulia umimine kidogo kidogo, wa kushoto usafishe. Mazoezi ya mwanzo yafanyike uwani, amevaa nguo, kopo tupu, kwa mchezo tu. Akifanya kweli, bibi aangalie kisha aseme "rudia tena hapa", asimalizie kwa mkono wake. Baadaye sabuni: viganja, katikati ya vidole, vidole gumba, kwa muda wa sekunde ishirini hivi. Kwa wasomaji wenye watoto wa kike: asafishe kutoka mbele kwenda nyuma, asirudishe mkono mbele, ndivyo anavyoepuka maambukizo ya njia ya mkojo.

Choo cha skuli nacho kina mambo yake. Mara nyingi kina giza kuliko cha nyumbani, tundu lake kubwa zaidi, mlango wake unakwama. Watoto wengi wa umri huu wanaogopa kutumbukia, na hawasemi. Muombe mwalimu ruhusa, nenda naye siku moja baada ya watoto kuondoka. Afungue mlango na kuufunga, amwage maji, achuchumae akiwa na nguo zake, atazame wapi pa kutundika bukta. Halafu patana na mwalimu apelekwe mara tatu bila ya kuulizwa: akifika, kabla ya uji, na kabla ya kurudi nyumbani. Ukimuuliza mtoto "unataka kukojoa?" atasema hapana, hasa akiwa na aibu. Na nyumbani asimame hatua tano mbali na bibi yake, aseme kwa sauti ya kusikika: "Mwalimu, naomba kwenda chooni." Wapo watoto wanaokojoa nguo kwa sababu hawajawahi kuombea kitu kwa sauti. Kwenye mkoba mtilie bukta ya akiba ndani ya kifuko cha kitambaa, na amfahamu mwalimu wa kumwambia.

Chakula ni chepesi zaidi. Kwa siku chache bibi amtengenezee matonge na ayaweke pembeni mwa sahani, mtoto ayachukue mwenyewe. Halafu matonge matatu ya mwisho ayafinyange yeye, kisha nusu ya sahani. Wali uliopoa kidogo unashikamana vizuri. Wa moto unamchoma na anaacha. Vitu vya kushika kwa mkono, kama muhogo wa kuchemsha, boflo au ndizi, asilishwe tena kuanzia leo. Atamwaga, mtandikieni mkeka wa zamani. Chakula cha skuli mpe nyumbani kwanza kwenye chombo kile kile anachokwenda nacho, umwangalie anavyokifungua. Mara nyingi andazi linarudi zima kwa sababu kifuniko kimemshinda au zipu ya mkoba imekwama. Funga kipande cha utepe kwenye zipu apate pa kushika. Uji akizoea kunywa kwa kikombe chake nyumbani, kinachojaa nusu tu, na cha skuli atakinywa.

Tuje kwa mkwe wako. Usimwambie aache. Mpe kazi, na iwe kazi ya kweli: "Mama, mwalimu anataka mtoto ajue kujitawaza na kula mwenyewe. Mie asubuhi niko pwani. Nakuomba wewe umfundishe." Hujamsimanga, umemkabidhi. Muulize pia mkwe wako, mumeo alikuwa na umri gani alipoanza kutumwa dukani au kuteka maji, umwache ahadithie. Akimaliza kuhadithia, mwenyewe ataona mjukuu amechelewa wapi. Kuhusu skuli ingengoja, mwelezeni kwa heshima kuwa mtoto hajawahishwa: Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 imeitia maandalizi katika elimu ya lazima, na umri wake ni huu huu alionao.

Kitu kimoja bibi atahitaji kusaidiwa nacho ni kusubiri. Mkubwa aliyezoea kufanya haoni mkono wake unavyotangulia. Kama anavuta tasbihi, apitishe punje kumi kabla ya kuingilia. Mtoto akikwama bado, msaada uanze na neno ("shika mpira wa bukta"), likishindikana kidole kuonyesha, likishindikana tena mkono juu ya mkono wake. Asiruke hadi mwisho. Kumi zile za mwanzo ni ndefu sana kwa bibi anayemuona mjukuu akihangaika, na mtoto atalia siku za mwanzo kwa sababu amezoea kilio kinamaliza kazi. Asiadhibiwe kwa kulia, na asifanyiwe kwa sababu ya kulia. Bibi akae karibu yake, aendelee kumsemesha taratibu.

Ampe na kazi za vidole wakiwa wamekaa ukumbini: kuchagua vijiwe kwenye mchele, kumenya thomu, kuchambua mchicha, na ukiwa msimu wa karafuu, kuchambua kikonyo kimoja kimoja kwenye ungo mdogo kwa dakika kumi, si zaidi. Kidole gumba na cha shahada vinavyobana karafuu ndivyo vitakavyobana kifungo, na baadaye penseli.

Ratiba yako ya mwani, unayoiona ni kikwazo, itakusaidia. Anzisha jambo jipya siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, upo nyumbani na asubuhi haina haraka. Bamvua ikifika usianzishe kitu. Bibi aendeleze tu kile ambacho mtoto ameshakianza. Kwa kuwa bamvua huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, utapata takriban wiki moja ya kufundisha na wiki moja ya kukomaza, kwa zamu. Jambo moja kila maji mafu linatosha. Ukitia choo, matonge na viatu kwa pamoja, siku ya tatu nyote mtachoka na bibi atarudi kumvisha. Asubuhi ukichelewa, mvishe bila ya kumsimanga, lakini mwachie mwisho wa kila kitu: avute bukta, abandike kiatu, avae mkoba.

Njiani asibebwe tena. Aingie skuli kwa miguu yake, mkoba begani kwake. Mlangoni maneno yawe mafupi na yale yale kila siku: "Utakunywa uji, utacheza, kisha bibi atakufuata." Kisha bibi aondoke. Asimtoroke akiwa amegeuka, maana mtoto aliyetorokwa mara moja kesho yake hatageuka tena, atamganda mlangoni. Na asirudi akisikia kilio.

Sasa kucheza. Kusimama na kutazama kusikutishe. Mtafiti wa Marekani Mildred Parten aliandika mwaka 1932 namna watoto wadogo wanavyocheza, na kutazama wenzao ni hatua mojawapo, mbali na ile ya asiyejishughulisha na lolote. Anayetazama anajifunza sheria za mchezo. Hufuata kucheza ubavuni mwa mwenziwe bila ya kuchanganyika, kisha kupeana vitu na kusemezana, kisha kucheza mchezo mmoja wenye kazi mbalimbali, huyu mpishi, yule muuzaji. Mwanao anatakiwa avushwe hatua moja tu, kutoka ukutani hadi ubavuni.

Wazazi humfundisha mtoto aseme "na mimi nicheze?" Ni adabu nzuri, lakini watoto walioshughulika hujibu "hatutaki" kwa wepesi, na aliyekataliwa mara mbili harudi. Njia inayofaa zaidi ni hii: asogee, atazame kidogo aone wanafanya nini, akae karibu afanye kile kile kwa mchanga wake, halafu alete kitu au neno linaloingia kwenye mchezo wao. Wakiwa wanapika, alete majani aseme "mchicha huu hapa." Hapo ameshaingia, hakuna aliyeulizwa. Mfanyie mazoezi nyumbani, nduguze wakubwa wacheze na wewe ukae naye ukutani, umnong'oneze: "Wanafanya nini? Twende tufanye na sisi."

Kuuma kulitoka kwenye upungufu wa maneno. Nyumbani kila akinyoosha mkono amepewa, kwa hiyo hana neno la kuombea wala hajawahi kuambiwa "bado". Mfundisheni matatu tu: "Ukimaliza nipe." "Wacha, sipendi." "Twende pamoja." Bibi ashike kopo, mtoto aseme "ukimaliza nipe", na bibi ajibu "bado", amngojeshe kwa muda wa pumzi tano, kisha ampe bila ya kumzungusha. Siku zikienda zifike dakika. Ahadi itimizwe kila mara. Akingoja kisha asipate, atarudi kunyang'anya. Na nduguze wasimwachie ashinde kila mchezo.

Akiuma tena, aliyeumwa ashughulikiwe kwanza, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni. Kisha mkubwa ainame usawa wa macho ya mwanao, akishike kitu kinachogombewa, aseme kwa ufupi: "Kuuma kunaumiza. Sema, ukimaliza nipe." Ayaseme pale pale. Baadaye afanye la kumfaa mwenziwe, kama kumletea maji au kumjengea upya alichobomoa. "Samahani" ya kulazimishwa, kichwa chini, haimfundishi afanye nini kesho.

Muulize mwalimu mwanao anamtazama nani zaidi, kisha mwalike mtoto huyo mmoja siku isiyo ya chuo cha Kurani. Mmoja tu, wa umri wake. Mkubwa atamfanyia kila kitu kama bibi yake. Saa moja inatosha, muwaachishe wakiwa bado wanataka kuendelea. Wawekeeni chungu ya mchanga uliotiwa maji, vifuu vinne, makopo mawili, na ndoo moja tu, ili pawe na kitu cha kungojeana. Kitu anachokipenda mno kifichwe kabla mgeni hajafika. Wewe kaa barazani, macho kwao na mikono kwenye kazi yako. Wakigombea ndoo, hesabu kumi zile zile kabla ya kuinuka.

Mambo machache yanahitaji mtaalamu hata mazoezi yakienda vizuri. Mwite kwa sauti ya kawaida ukiwa nyuma yake. Asipogeuka mara kadhaa, au sikio likitoka usaha, akapimwe masikio, kwani mtoto asiyesikia vyema naye husimama ukutani. Vivyo hivyo kama watu wa nje ya nyumba hawaelewi maneno yake, kama hajifanyi kupika au kuendesha gari katika michezo yake, au ameacha jambo alilokuwa akiliweza.

Tuandikie bamvua mbili zikipita. Utwambie anakwenda chooni skuli bila ya kupelekwa au la, andazi linarudi kiasi gani, na wakati wa kucheza yuko umbali gani na wenziwe.